Kutaswirisha mtiririko ni kufanya nini hasa?

Kompyuta ikimaliza kuiga mwendo wa maji ndani ya bomba, haikupi picha. Inakupa namba. Nafasi yote ya bomba imekatwakatwa kuwa visanduku vidogo viitwavyo seli, wakati mwingine mamilioni, na kila seli ina presha yake na kasi yake. Kasi yenyewe ni namba tatu, moja kwa kila mhimili. Kuzigeuza namba hizo ziwe kitu ambacho jicho linaweza kukisoma ndiko kutaswirisha mtiririko.

Wengi huifanya kazi hii kwa maktaba ya programu, yaani amri zilizokwisha kuandikwa na wengine, wewe unaziita tu. Iliyo maarufu ni VTK, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Will Schroeder, Ken Martin na Bill Lorensen. ParaView, programu ya kutazamia matokeo kama haya, inaitegemea, na maktaba ya PyVista inakuwezesha kuitumia kutoka Python, lugha ya kuandikia programu, kwa mistari michache. Kwa matokeo ya pande mbili tu, Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchorea grafu, inatosha.

Hapo ndipo watu hudanganyika, wakidhani maktaba inaonyesha tu kilichokokotolewa. Haionyeshi tu, inakadiria pia. Chukua kitu chepesi kabisa: unapitisha bapa katikati ya bomba na kupaka rangi kufuata kasi. Picha ya kwanza inatoka na vimraba-vimraba, kwa sababu kila seli ina thamani moja na hupakwa rangi moja. Haipendezi, kwa hiyo unaiambia maktaba ihamishe thamani kutoka kwenye seli hadi kwenye nodi, zile pembe ambako seli hukutana. Inachukua wastani wa seli zinazoizunguka kila nodi, na rangi inakuwa laini.

Sasa sogea karibu na ukuta. Tuseme seli inayougusa ina kasi ya mita 0.4 kwa sekunde na inayofuata ina 0.8. Nodi iliyo kati yao inapata 0.6, sawa. Lakini nodi iliyo juu ya ukuta wenyewe imezungukwa na seli za 0.4 peke yake, basi nayo inapewa 0.4. Fizikia inasema maji yanayougusa ukuta uliosimama hayaendi popote: kasi ni sifuri. Picha laini imeongopa mahali ambapo mhandisi anapaangalia zaidi. Ndiyo maana mimi huanza na ile yenye vimraba, mbaya ilivyo.

Mistari ya mkondo ndiyo picha inayopendwa kuliko zote. Unachagua nukta za kuanzia, maktaba inasoma mshale wa kasi pale, inasogea hatua ndogo, inasoma tena, hivyo hivyo hadi mstari utoke nje ya bomba au ufike mahali kasi imekaribia sifuri. Kila kitu kinategemea nukta hizo. Ukizipanga zote kwenye mdomo wa kuingilia, nyuma ya kizuizi unaweza kuona weupe mtupu, ukadhani maji yametulia. Kumbe yanazunguka palepale, na mistari inayotoka mdomoni inapita pembeni bila kuingia. Weka nukta chache nyuma ya kizuizi chenyewe, na mzunguko huo utajitokeza. Jambo jingine: mtiririko ukibadilika kwa wakati, mstari wa mkondo si njia aliyopita tone lolote. Ni hali ya wakati ule mmoja tu.

Rangi nayo ina hila zake. Maktaba ikiachiwa, hupima kipimo cha rangi kuanzia thamani ndogo hadi kubwa ya data iliyopewa. Niliwahi kuweka picha mbili sambamba, bomba la zamani na lililorekebishwa, nikasema hakuna tofauti. Kasi ya moja ilikuwa mara mbili ya nyingine. Kila picha ilikuwa na kipimo chake. Siku hizi naandika mipaka mwenyewe, ileile kwa picha zote. Na ile rangi ya upinde wa mvua iachwe: njano yake hung'aa na kuchora mipaka ambayo haimo kwenye data. Matplotlib ilipofika toleo la 2.0 mwaka 2017 iliiweka kando ikachukua viridis, mpangilio wa rangi ambao mwangaza wake hupanda taratibu.

Kabla ya kuandika kizio pembeni mwa kipimo, angalia programu iliyokokotoa. Katika OpenFOAM, kwa mtiririko usiobanika, yaani ambao densiti yake haibadiliki, presha kwa kawaida huhifadhiwa ikiwa imegawanywa kwa densiti, na kizio chake ni m²/s². Kwa maji yenye kilo 1000 kwa mita ya ujazo, 5 unayoiona kwenye skrini ni paskali 5000.