Gari la Familia Lililotumika: Usilipie Kifaa Kisichofanya Kazi

Swali linalotufikia zaidi katika karakana yetu ya mafunzo ya umeme wa magari huja karibu kwa maneno yale yale: "Mwalimu, nina milioni kumi na tano. Nataka gari la familia, la watu saba likiwezekana, lenye kamera ya nyuma, la kuwasha kwa kitufe, na lisinywe mafuta." Hakuna ubaya kwenye orodha hiyo. Ila ukiitazama vizuri, vitu karibu vyote vilivyotajwa ni vile muuzaji anavyokuonyesha dakika mbili za kwanza ukifika yadi. Vifaa vya kisasa vyenye faida kubwa kwa familia vimejificha, na hakuna dalali anayeanza navyo.

Nianze na hivyo vilivyojificha. Kuna ABS, inayozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki ghafla. Hiyo watu wengi wanaijua. Kuna mfumo wa kuzuia gari kuserereka, ambao Toyota huuita VSC na wengine ESP. Huu unapunguza nguvu ya injini na kubana breki ya tairi moja moja gari linapoanza kuacha njia, kwa mfano kwenye kona za mlima Kitonga barabara ikiwa imelowa. Japani iliulazimisha kwa modeli mpya za magari ya abiria kuanzia Oktoba 2012, na kwa modeli zilizokuwa tayari zinazalishwa kuanzia Oktoba 2014, ukiacha vigari vya cc 660 vilivyopewa ratiba yao. Kabla ya hapo, Toyota Wish mbili zilizofanana rangi na mwaka zingeweza kutofautiana: moja inao, nyingine haina. Utaujua kwa kutafuta kitufe au taa yenye picha ya gari linaloacha alama za kupinda nyuma yake. Ningekuwa nachagua kati ya gari lenye kitufe hicho na gari lenye skrini kubwa, nisingefikiri mara mbili.

Kingine ni ISOFIX, zile ndoano za chuma zilizo kati ya mgongo na kalio la kiti cha nyuma, za kufungia kiti cha mtoto. Ingiza vidole pale uziguse. Mwenye mtoto wa mwaka mmoja anazihitaji kuliko kuwasha gari kwa kitufe.

Skrini nitaipitia haraka. Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya 76 hadi 90 MHz, sisi tunatumia 87.5 hadi 108, kwa hiyo vituo vingi hutavipata bila kuongezewa kifaa cha kubadili masafa. Ramani iliyomo ni ya Japani na maandishi ni ya Kijapani, na baadhi ya skrini zikichomolewa betri zinadai namba ya siri ambayo hakuna anayeijua. Kamera ya nyuma ni kitu kizuri, hasa kwenye nyumba yenye watoto wanaocheza uani, lakini hata gari lisilokuwa nayo linafungiwa kwa gharama ndogo. Usikubali ipandishe bei.

Sasa tuje kwenye taa za dashibodi, ambako ndiko pesa za wanunuzi wengi zinakopotelea.

Kabla ya kuwasha injini, weka swichi kwenye ON. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Taa za tahadhari zitawaka kwa pamoja: ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS, ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kumkinga mtu gari likigongwa). Zikiwaka, usiguse kitu, tazama tu. Ya ABS itazimika baada ya sekunde chache. Ya eabegi, ile yenye picha ya mtu aliyekaa na duara mbele yake, nayo itazimika yenyewe, kwa kawaida ndani ya sekunde sita hivi. Za oili, betri na injini zinabaki zikiwaka mpaka uwashe injini. Huo ndio mpangilio wa gari lililo salama.

Ukiona taa ya eabegi haikuwaka kabisa, mtu ameitoa au ameiziba. Ukiona imewaka ikabaki mpaka injini ilipowashwa, ndipo ikazimika pamoja na ya oili, kuna fundi ameunganisha waya wake na wa taa nyingine ili ionekane nzima. Magari ya namna hii tumeyafungua karakanani. Nyuma ya kifuniko cha usukani, pale panapotakiwa pawe na eabegi, unakuta patupu au pamewekwa kipande cha sponji. Gari liligongwa, eabegi zikafumuka, likanyooshwa bodi na kupigwa rangi, basi. Mama anayempeleka mtoto shule kila asubuhi anaamini ana eabegi mbili mbele.

Hata eabegi iliyopo ina maswali yake. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza eabegi zinazojazwa hewa kwa nguvu ya kemikali ya amonia naitreti. Kemikali hiyo huharibika taratibu kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku eabegi inapofumuka, kopo la chuma lenye kemikali hiyo linaweza kupasuka na kurusha vipande kwa dereva. Eabegi zinazokadiriwa kufika milioni 100 ziliitwa zirudishwe duniani kote, zikiwamo za magari ya Toyota, Honda, Nissan na Mazda, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Fikiria sasa joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, na gari la mwaka 2006 linaloshinda juani. Piga picha kibao cha namba ya chesisi, iingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa Japani wa magari yaliyoitwa kurudishwa, utaona kama kazi ilifanyika au bado. Kama bado, muulize wakala wa kampuni hiyo hapa nchini kabla hujalipa. Ni dakika kumi za simu.

Kuhusu aina ya gari, sitakutajia moja nikuambie hili ndilo bora. Nitakuambia ninavyolitazama. Toyota Sienta ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2003, ina viti saba na injini ya 1NZ ya cc 1497, ile ile iliyomo kwenye IST na Raum. Maana yake spea zimejaa Kariakoo, na fundi wa Nzega anaijua sawa na wa Ilala. Siti ya mwisho ni ya watoto. Mtu mzima akikaa pale kutoka Dar mpaka Moshi atakulaumu. Wish ni pana zaidi kidogo na imetulia barabarani. Ya kizazi cha pili, kuanzia 2009, ina injini za kisasa zaidi. Noah na Voxy zenye chesisi ya ZRR70 zina nafasi ya kweli kwa watu wanane na mizigo, injini yake ina cc 1986, na tofauti yake na Alphard ya cc 2362 utaiona kituo cha mafuta, kisha utaiona tena kwenye kodi. Ukikuta Noah ya zamani, Wish au Premio iliyoandikwa D-4 kwenye kifuniko cha injini, jua mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Injini hiyo haivumilii mafuta machafu wala fundi wa kubahatisha. Kwa bajeti ya kubana, mimi ningeiacha.

Mengi ya magari haya yana giaboksi ya CVT, isiyo na gia za kuhesabika. Mkanda wa chuma unazunguka kati ya puli mbili. Inatumia oili yake maalumu. Akikuwekea fundi ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki zenye gia) kwa sababu "zote nyekundu ni sawa", umeiua, ingawa itakuchukua miezi kadhaa kugundua. Ili uipime, fika yadi bila kutangaza saa. Kabla hujasalimiana sana, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshalitembeza, na gari lililopata moto huficha mengi. Subiri lipoe au urudi kesho asubuhi. Likiwa la baridi, liwashe, weka D, ondoka taratibu hadi kilomita 40 kwa saa huku redio na feni vikiwa vimezimwa. Likitetema kama linapita kwenye matuta madogo wakati barabara ni laini, au likilia kwa sauti ya kupanda kama king'ora cha mbali, achana nalo. Lisipofanya hivyo, litafutie kilima, utazame dalili zile zile likipanda.

Haibridi, yaani magari yanayotumia injini ya mafuta pamoja na umeme wa betri, zimeanza kuingia kwenye bei za watu wa kawaida, Aqua na Prius hasa. Kwa foleni za Dar zinabana mafuta kweli, kwa sababu kwenye mwendo wa kusimama na kuondoka gari linatembelea umeme. Matoleo mengi unayoyakuta yana betri ya nikeli, ya volti 201.6 kwenye Prius na 144 kwenye Aqua, inayopozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na vumbi, au mtu akiweka begi mbele yake kila siku, betri inapata moto na kuchoka kabla ya wakati. Chungulia pale kwa tochi. Kisha mlipe fundi mwenye mashine asome volti za betri, kundi moja moja la seli zake, wakati gari likiongezwa mwendo. Kundi linaloanguka kuliko wenzake ndilo litakalokugharimu. Kama unaishi mji ambao hakuna fundi wa haibridi, jibu langu ni hapana, hata bei iwe tamu vipi.

Breki zinazojikamata zenyewe gari likikaribia kugonga nazo zipo sokoni. Toyota walianza kuuza mfumo wao wa Safety Sense mwaka 2015. Kwenye mingi ya mifumo hii kamera iko nyuma ya kioo cha mbele, juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Kioo kikibadilishwa mtaani bila kamera kupangwa upya, mfumo unaweza kusoma barabara vibaya. Ukiona kioo cha mbele hakina nembo ya mtengenezaji kama vilivyo vioo vingine, uliza nani alikibadilisha na kama kamera ilipangwa.

Umri na kilomita havisomwi kwenye dashibodi peke yake, maana kilomita zinachezewa. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho: chini kabisa huwa na kitambulisho cha kitambaa, mara nyingi chenye tarehe ya kutengenezwa. Mkanda huo huo ukinuka uvundo au ukiwa na mstari wa tope, gari lilizama majini. Kama linatoka Japani, dai karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari na herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni iliyobadilishwa, na daraja la R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Gari la R si lazima liwe baya, ila bei yake haiwezi kuwa ya gari safi.

Kwa anayeagiza mwenyewe Tanzania, hesabu ya kodi ndiyo inayoamua. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1000 hakuna, zaidi ya 1000 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya 2000 ni asilimia 10. Juu yake kuna nyongeza ya uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa linalozidi miaka 10. Hivyo gari la miaka 11 linalouzwa kwa bei poa Yokohama linaweza kufika bandarini likakaribiana na la miaka 9 ambalo ni zima zaidi. Viwango hivi huguswa kwenye bajeti ya Juni, na thamani inayotumika ni ile ya mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), si risiti uliyopewa. Kikokotoo kipo kwenye tovuti yao, kitumie kabla hujatuma hela. Ndugu zetu wa Kenya hawana mjadala huu mrefu, kwa kuwa gari linalozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia.

Anayenunua la mkononi hapa nchini alinganishe namba ya chesisi ya kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma, kwa macho yake, kisha aangalie deni la faini za barabarani. Aulize pia kama gari liliingia kwa msamaha wa kodi. Lililosamehewa likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa, na anayebanwa ni yule aliyekaa nalo.

Siku ya mwisho ya kukagua, nenda na familia. Mkalishe kila mmoja mahali pake, bibi apande na kushuka, funga kiti cha mtoto, inua siti ya mwisho uone kama begi mbili zinaingia bado. Soma tarakimu nne za tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na usimalize fedha zote kwenye bei. Bakiza sehemu ya kumi au zaidi, kwa sababu wiki ya kwanza utabadilisha oili ya injini na ya giaboksi, filta, na pengine tairi mbili. Malipo ya mwisho yatoke siku umiliki unapohamishwa, wewe na muuzaji mkiwa pamoja, si kwa dalali anayesema kadi italetwa Jumatatu.