Kifo kimoja, mashairi mawili: kwa nini moja hufariji na jingine huchoma?

Soma kwanza mishororo hii miwili, niliyoitunga kwa ajili ya makala haya:

*Baba katutangulia, kiti kipo ukumbini,*
*Nani atakikalia, na mwenyewe safarini?*

Kisha soma hii:

*Kiti.*
*Miguu mitatu na tofali moja.*
*Alikufa Jumanne.*
*Jumatano tukaanika nguo juu yake.*

Baba ni mmoja, kiti ni kimoja. Mbona basi la kwanza linakushika bega na la pili linakuacha umesimama peke yako?

Wengi wakiulizwa hujibu haraka: dhamira ni moja, kifo, na toni ni ya huzuni kote kuwili. Jibu hilo halitufikishi popote. Kifo hapa ni mada tu. Dhamira ni kile ambacho shairi linasema kuhusu kifo, na hapo ndipo haya mawili yanapoachana. La kwanza linasema kifo ni safari. La pili linasema nguo zilikuwa mbichi na zilihitaji pa kuanikwa.

Angalia kitenzi. Kiswahili kina njia nyingi za kutaja jambo hili: kufa, kufariki, kuaga dunia, kututoka, kutangulia. Anayetangulia ana wanaomfuata, kwa hiyo neno hilo moja limeshaahidi kuwa tutakutana, na "safarini" linakuja kulitia nguvu. Sasa jaribu kuandika "Baba amekufa jana". Mizani inatimia vilevile, silabi nane kamili. Lakini kina cha kati, yaani mlio unaomalizia nusu ya kwanza ya kila mshororo, kimevunjika, maana "-na" haipatani na "-a" ya "atakikalia", na faraja yote imeyeyuka. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote ya kupima uteuzi wa msamiati: badilisha neno moja, usome tena, usikilize kilichopotea.

Katika la pili, "alikufa" halijavishwa chochote. Hata hivyo kinachoniumiza mimi si neno hilo, bali silabi moja katika mstari unaofuata: "-ka-" ya "tukaanika". Ni "-ka-" ya masimulizi, ile ya nikaamka, nikanawa, nikatoka. Inakiweka kifo cha baba kuwa tukio la kawaida kati ya matukio, na baada yake linafuata la kuanika nguo. Nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, hatwambii kwamba ana uchungu, wala kwamba hana. Toni kavu namna hii hupatikana kwa kunyima: hakuna kivumishi hata kimoja cha hisia, na hata neno "baba" halimo. Alikufa nani? Tumejua kwa sababu tulisoma la kwanza.

Tena sikiliza anayesemeshwa. "Katutangulia" ina "tu" ndani yake, na swali la "nani atakikalia" linaulizwa mbele ya watu. Ni sauti ya matangani. La pili pia lina "tu", lakini ni ya wenye nyumba walio na kazi za kufanya, na halimuulizi mtu kitu.

Usiharakishe kusema kwamba vina na mizani huleta upole, na shairi huru huleta ukali. Mwaka 1974 mshairi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata arudhi (kanuni za jadi za vina na mizani), ubishi mkubwa uliwaka kuhusu kama yanastahili hata kuitwa mashairi. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa imetoka *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga gerezani nchini Kenya kati ya 1969 na 1972. Hayo yanafuata arudhi, na upole siuoni: ni ya mtu aliyekataa kuvunjika. Umbo humpa mshairi mipaka ya kuchagua maneno. Toni hutokana na aliyoyachagua.

Rudi kwenye mstari wa mwisho wa shairi la pili. "Juu yake" ni juu ya kiti, bila shaka. Lakini sarufi yetu haitofautishi "yake" ya kiti na "yake" ya mtu, na ukiusoma mara ya pili, nguo zile zimeanikwa juu ya baba.