Mbegu ya kiume haishindi kwa mbio

Tumelishwa hadithi hii tangu shuleni: mamilioni ya mbegu za kiume hufyatuka kama wakimbiaji, yenye nguvu kuliko zote inalifikia yai, na yai lenyewe limetulia tu linasubiri mshindi. Tamu kusimulia, ila sivyo.

Mbegu inayotoka korodani haijui kuogelea. Imetengenezwa kwa zaidi ya miezi miwili, ina kichwa na mkia, lakini husukumwa tu hadi epididimisi, mrija uliojikunjakunja nyuma ya korodani, ikakomae huko. Hata hapo bado. Mwaka 1951 wanasayansi wawili, Chang na Austin, kila mmoja kivyake, walionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba mbegu lazima ikae kwanza saa kadhaa ndani ya mwili wa jike ndipo iweze kurutubisha yai.

Kinachotokea huko ni kazi ya protini zinazopokezana ishara. Kemikali iitwayo bikaboneti iliyo kwenye majimaji ya njia ya uzazi huamsha kimeng'enya ndani ya mbegu. Hicho hutengeneza molekuli iitwayo cAMP, nayo huwasha protini nyingine, PKA, inayoendelea kupokeza ishara hiyo ndani ya mbegu. Mkiani kuna vilango vya protini viitwavyo CatSper, vilivyotambuliwa mwaka 2001. Kwa binadamu, homoni ya projesteroni inayotolewa na seli zinazolizunguka yai huvifungua. Kalsiamu humiminika ndani, na mkia uliokuwa ukipunga taratibu huanza kuchapa kama mjeledi. (Na lile yai “linalosubiri”? Seli zinazolizunguka ndizo zilizotoa ishara.)

Panya dume asiye na CatSper ana mbegu tele, tena zinajongea. Lakini ni tasa.