Tundu kwenye kifukofuko si kasoro

Juma lililopita nililetewa gunia jingine. Vifukofuko vya Gonometa postica, nondo wa mwituni anayetoa hariri, kutoka migunga ya upande wa Mwingi, Kenya, vyote vizima, vyote vizito mkononi. Nikauliza mbona vilivyotoboka vimeachwa mtini. Jibu likawa lile lile ninalolisikia kila msimu: "Vile vimeharibika, nondo ameshakata uzi." Nimechoka kulieleza jambo hili mtu mmoja mmoja huku pupa, wale nondo ambao bado wamo kifukoni, wakifia guniani, kwa hiyo leo naliandika.

Imani hii ina kwao. Imetoka kwa Bombyx mori, yule nondo wa hariri wa mforosadi, aliyefugwa Uchina kwa maelfu ya miaka. Kifuko chake ni uzi mmoja ulioungana, ambao urefu wake waweza kupita mita 900, na mfugaji anautaka mzima. Basi humuua pupa kwa joto kabla hajatoka, hukiloweka kifuko katika maji ya moto mpaka gundi ya serisini ilainike, akaikamata ncha na kuanza kuukunjua. Hapo tundu ni hasara ya kweli. Lakini hata hapo watu hutia chumvi: vifuko vilivyotoboka havitupwi, huchanwa na kusokotwa kama pamba, na kitambaa chake kina wanunuzi wake.

Huyu wetu wa mgunga ni mdudu mwingine kabisa. Si hata wa ukoo mmoja na yule. Yeye ni wa familia ya Lasiocampidae. Kiwavi wake hula mgunga na kikwata, hufuata mvua, na kule Ukambani huleta vizazi viwili kwa mwaka, kimoja cha masika na kingine cha vuli. Akishiba vya kutosha hujifunga tawini, na ndani ya hariri hufuma nywele zake mwenyewe. Ndizo hizo zinazokuwasha vidoleni hadi kesho yake. Ukuta wa kifuko una fuwele za kalisi oksaleti, ukikigusa kikavu ni kigumu kama ganda. Kusini mwa Afrika, ambako nondo huyu pia yupo, watu wamevifanya njuga za kuvaa miguuni. Kule Kalahari ng'ombe wenye njaa huvila wakidhani ni maganda ya mgunga, na hariri isiyomeng'enyeka huwaziba tumbo mpaka wafe.

Sasa chukua kimoja kilichotoboka ukipasue kwa mkasi, kutoka ncha hadi ncha. Ndani utakuta ganda la pupa, la kahawia, jepesi, limepasuka upande wa kichwani. Chini kabisa, limekunjamana kama kitambaa kilichosahauliwa mfukoni, ni gamba la mwisho la kiwavi. Vitoe vyote viwili. Kilichobaki ni ukuta wa hariri, mzima, isipokuwa mlango aliotokea nondo. Uangalie vizuri mlango huo: hakuna alama ya meno. Nondo huyu hana kinywa cha kufanya kazi. Hali chochote tangu atoke hadi afe siku chache baadaye, anaishi kwa mafuta aliyoyaweka alipokuwa kiwavi. Atautafuna uzi kwa kitu gani?

Na tuseme nyuzi kadhaa zimekatika. Zikatike! Kifuko hiki hukikunjui kwa maji ya moto matupu. Jaribu, utachemsha mpaka kuni ziishe. Sisi tunakichemsha kwa soda, ile ya unga wala si ya kunywa, hadi kilegee, tunakisuuza, tunakianika, tunakichambua kwa vidole, kisha tunasokota. Ikifika hatua ya kusokota hakuna tena uzi mmoja mrefu wa kuulilia, kuna sufi ya hariri. Tundu limepunguza nini? Kwangu kitupu ndicho bora, kwa sababu pupa akichemkia ndani hutoa mafuta na uchafu unaoipaka hariri, nami nakesha nikiisafisha. Na kila pupa aliyechemshwa angekuwa nondo, na nusu yao majike wenye mayai.

Kuna hoja moja upande wa pili ambayo siifichi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha njia ya kuziyeyusha zile fuwele kwa kemikali iitwayo EDTA, na kifuko cha Gonometa kikakunjuliwa uzi kama cha mforosadi. Kwa njia hiyo kifuko kizima kina thamani yake, na mtu mwenye maabara anaweza kunibishia kwa haki. Lakini waliovuna gunia hili wana sufuria, soda na gurudumu la kusokotea.

Kinachonitatiza mimi hasa ni vile visivyotoboka. Zamani niliwafundisha watu wavitikise: kikigonga ndani, amekufa. Siifundishi tena kanuni hiyo. Pupa wa Gonometa anaweza kulala akaipita mvua yake, asitoke hadi msimu mwingine, na mara mbili nimepasua kifuko nilichoapa kuwa ni maiti nikamkuta anapinda kiuno. Wengine wameliwa na mabuu ya nzi au nyigu walioingia mwilini mwake tangu akiwa kiwavi, na hao hutoka kwa vitundu vidogo. Kwa hiyo nina alama moja tu ninayoiamini: tundu kubwa la nondo kwenye ncha. Ukiliona, vuna. Usipoliona, kiache tawini.

Nilipovitundika vya gunia ndani ya wavu chini ya mgunga, nilijua nzi nao watatoka humo pamoja na nondo, na bado sijapata namna nzuri ya kuwatenga. Usiku wa nne jike mmoja alitoka. Alining'inia juu ya kifuko chake, mabawa bado yamekunjamana na yana unyevu, yakinyooka polepole. Kabla ya alfajiri kulikuwa na dume nje ya wavu, vipapasio vyake kama manyoya ya ndege, akitambaa huku na huku akitafuta pa kuingilia. Nikafungua kamba ya wavu.