Anastazia: jina la ufufuo na ile herufi z

Nianze na matamshi, maana ndipo wengi wanapojikosoa bure. Mama wa Bahi au Kongwa anayeita "Anastazia" kwa kukazia *zi* yuko karibu na Mgiriki kuliko Mwingereza anayekazia *sta*. Katika jina hili Kigiriki nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapouweka. Hata bibi anayesema "Anasitazia", kwa kuwa s na t zikigongana ulimi wake huchomeka i, mkazo haumpotei.

Mzizi ni *anastasis*: *ana*, juu au tena, na *stasis*, kusimama. Ndilo neno la Kigiriki lililo katika Yohana 11:25, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mtoto wa kiume huwa Anastasios, kwetu Anastazi.

Neno limo katika Biblia, ila hakuna mwanamke wa Biblia mwenye jina hilo. Ndiyo maana anayetafuta jina la Kigiriki ndani ya Maandiko huangukia Eunike (ushindi mwema) au Dorkasi (paa, yule mnyama wa porini), na Anastazia utamkuta zaidi kwa Wakatoliki. Wao wamelipata kwa mfiadini wa Sirmium, Serbia ya leo, ambaye kwa mapokeo aliuawa mwaka 304, enzi za Kaisari Diocletian. Katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ile ya Misa, ndiye wa mwisho kwenye orodha ya wafiadini wanawake, baada ya Sesilia. Sikukuu yake ya zamani huko Roma ni 25 Desemba, ikamezwa na Noeli (Waorthodoksi humkumbuka tarehe 22). Kwa hiyo binti wa Krismasi ana haki na jina hili sawa na wa Pasaka, ingawa wazazi wengi hufikiria Pasaka tu.

Sasa z. Kigiriki kina s. Wajerumani, na Waitaliano wengi, huitamka z ikikaa katikati ya irabu. Anayeandika alichosikia ataandika Anastazia. Si kosa. Kosa ni kuchanganya: kadi ya kliniki ina z, cheti cha kuzaliwa s, cha ubatizo "Anastasiya". Kompyuta hulinganisha herufi kwa herufi, haijui kwamba ni mtoto mmoja. Chagueni tahajia kabla ya kutoka hospitali, muisome kwenye tangazo la kizazi kabla halijapelekwa RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi, na cheti hicho kiwe kipimo cha karatasi zote. Tofauti ikionekana, rekebisheni kabla ya usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Baada ya hapo ni viapo kwa wakili, gharama na safari za mjini.

Kufupisha: Stazia ni salama. Ana ni tamu nyumbani, lakini msiiandikishe. Hilo ni jina jingine kabisa, la Kiebrania, na maana yake ni neema.