Rangi ya mafuta haizuii unyevu ukutani
Masika yakiisha, kuta nyingi za Moshi hubaki na madoa meusi na rangi iliyotuna. Wengi humwita fundi apake rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta, wakiamini itazuia maji. Haizuii. Maji yanatokea nyuma ya rangi: yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali na lipu, au yanarukia ukuta kutoka kwenye paa lisilo na gata. Rangi ya mafuta haipitishi unyevu vizuri, kwa hiyo maji yananaswa ndani na rangi inafanya malengelenge. Pasua moja uone: lipu imelegea, imejaa chumvi nyeupe kama unga.

Anzia nje. Zibua gata, ondoa udongo uliorundikana ukutani, na hakikisha maji yanateremka mbali na msingi. Ndipo ubandue rangi iliyokufa na kuuacha ukuta ukauke, madirisha wazi. Juni na Julai hapa ni baridi na mawingu, hivyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Tafadhali usimruhusu fundi akuharakishe. Ukishakauka kabisa, paka rangi ya maji, ambayo huuacha ukuta upumue.