Mita 8 hewani: Mat Hoffman na kazi ya kutua

Kijana ninayemfanyisha mazoezi ya goti aliniuliza wiki iliyopita: "Daktari, mtu akipaa mita 8 na baiskeli, anatuaje bila kuvunjika?" Nikamsimulia habari za Mat Hoffman, mwendesha baiskeli wa Oklahoma, Marekani, kwa kuwa sijaona maisha ya mwanamichezo mwingine yanayofundisha kutua kama yake.

Mwaka 1989, akiwa na miaka 17, Hoffman alizunguka nyuzi 900 hewani, yaani mizunguko miwili na nusu, kwenye mashindano ya BMX, baiskeli ndogo za kuruka na kufanyia mitindo, nchini Kanada. Mwaka 2002 aliurudia mzunguko huo katika X Games, mashindano makubwa ya michezo ya hatari, safari hii mikono ikiwa imeachia usukani. Lakini swali la kijana wangu linatupeleka San Diego, Machi 2001. Huko alivutwa na pikipiki hadi kwenye rampu, yaani ukuta uliojipinda wa kurukia, wenye kimo cha mita 7.3, akapaa mita 8 juu ya ukingo wake. Kutoka chini ni zaidi ya mita 15, kama ghorofa ya tano.

Piga hesabu bila upepo. Akirudi ukingoni anashuka kwa kilomita 45 kwa saa. Akifika chini amepita 60. Angeangukia sakafu, mwendo wote huo ungekatika mara moja, na mifupa ndiyo ingeukata. Ila ukuta wa rampu pale juu umesimama wima. Magurudumu yanaugusa yakiwa yanaelekea kulekule anakoangukia, hivyo hakuna kishindo. Kisha ukuta unajipinda taratibu na kumgeuza kutoka kushuka hadi kwenda mbele. Kwenye mpindo mwili unalemewa na uzito wake takribani mara 5, kwa muda mfupi sana. Paja lenye nguvu na goti lililokunjwa kidogo vinaumudu mzigo huo.

Kwa hiyo urefu peke yake haumuumizi. Kinachomuumiza ni kutoka nje ya mstari: akiegemea kidogo tu wakati wa kuruka, anaupita mpindo na kufikia sakafuni. Kwenye rampu zake kubwa Hoffman aliwahi kupasuka bandama, na hiyo huua kwa damu inayovujia tumboni.

Goti lake nalo lilichoka. Aliwekewa ligamenti bandia, yaani kamba ya kushikilia mifupa ya goti, tena bila ganzi. Watu husimulia hilo kwa kushangilia, mimi linanihuzunisha. Ligamenti ya asili ina neva zinazoiambia misuli goti liko wapi, na kamba bandia haisemi chochote. Anayerudi rampuni nayo inabidi aifundishe misuli upya, kwa miezi mingi.

Kijana wangu alinyamaza, akarudi kwenye sanduku lake la sentimita 20. Anashuka kwa mguu mmoja, polepole. Goti bado linamwingia ndani akifika shuko la nane.